Mark II yenye 1JZ iliyokosa nguvu Dodoma: mafuta yaliongezwa, ugonjwa ukabaki palepale

Gari lenyewe ni Toyota Mark II, GX110. Injini yake ya asili, 1G-FE ya lita 2.0, ilitolewa na nafasi yake ikachukuliwa na 1JZ-GTE VVT-i, ile ya lita 2.5 yenye turbo moja. Gia ni za mkono. Kontroboksi, yaani ubongo wa umeme unaoongoza injini, ni ya kupangwa kwa kompyuta, na hewa inapimwa kwa sensa ya presha ya manifodi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda. Nozeli ni za asili za 1JZ, cc 380 kwa dakika kila moja. Ramani ya mafuta, yaani jedwali ambalo kila seli yake ni namba ya kukadiria mafuta kwa mizunguko na presha fulani, ilipangwa Dar es Salaam. Baadaye mwenye gari akahamia Dodoma kikazi, na haikupita miezi mingi akawa na malalamiko matatu: gari limekuwa zito kuondoka, likikanyagwa mafuta hadi mwisho linavuta mpaka mizunguko 4,800 hivi kwa dakika, kisha linashikwa na kuanza kumisi, na plagi zikifunguliwa zinatoka nyeusi.

Kabla ya kupimwa sawasawa, gari lilikuwa limeshafanyiwa mambo mawili. La kwanza, presha ya turbo ilipandishwa kutoka bar 0.8 hadi 0.95 kwa kidhibiti cha mkono, kisa "Dodoma hewa nyepesi". La pili, fundi aliyeona sensa ya oksijeni inaonyesha mchanganyiko mwepesi (hewa nyingi, mafuta machache) juu ya mizunguko 5,000 alimwambia mwenye gari, "Bosi, hili lina njaa ya mafuta, tuliongezee," akapandisha ramani nzima kwa asilimia 10. Moshi mweusi ukaja, petroli ikaliwa zaidi, na kule juu gari likaendelea kumisi vilevile.

Fundi hakukosea kuona upungufu wa mafuta. Alikosea kudhani kwamba kinachoandikwa kwenye kompyuta ndicho kinachotoka kwenye nozeli.

Urefu wa Dodoma unafanya nini, na haufanyi nini

Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa ya Dar ni kama kPa 101, ya Dodoma ni kama kPa 89. Upungufu huo ni wa asilimia 12, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Hakuna ramani ya mafuta inayorudisha hewa ambayo haipo. Kwa hiyo uzito wa kuondoka, kabla turbo haijaanza kusukuma, ni hali ya mahali. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Kipimo cha kwanza kwenye gari lolote lenye sensa ya presha hakihitaji hata kuwasha injini. Fungua swichi, usipige stata, soma presha ya manifodi kwenye kompyuta. Dodoma isome kati ya 88 na 90. Ikisoma 101, ama sensa ni mbovu ama kipimo kilichowekwa ndani ya kontroboksi si cha sensa hiyo, na ukiendelea kupanga mafuta utakuwa unabahatisha. Gari hili lilisoma 89.

Saa ya turbo ndiyo inayodanganya wengi. Inapima tofauti kati ya presha ya ndani ya manifodi na ya nje. Dar, mshale ukiwa bar 0.8, yaani kPa 80, ndani kuna kPa 181 (101 jumlisha 80). Dodoma, mshale ukiwa palepale, ndani kuna 169. Injini inakosa karibu asilimia 7 ya hewa na saa haisemi kitu. Aliyepandisha hadi 0.95 alipata kPa 184, yaani alirudi palepale pa Dar na kuzidi kidogo. Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa upande wa injini. Kwa upande wa turbo, bei ilipanda: Dar turbo ilikuwa inazidisha presha ya nje mara 1.79, sasa inazidisha mara 2.07. Inazunguka kasi zaidi, inapasha hewa joto zaidi, na turbo ya asili ya injini hii, CT15B, ina gurudumu la kauri upande wa moshi. Kauri haitoi onyo. Siku ikichoka inapasuka, vipande vinakwenda kwenye eksozi.

Ila urefu hauelezi upungufu wa mafuta. Kontroboksi inayopima presha ya manifodi inapima presha halisi, si ile ya saa. Hewa ikipungua inaona, na inapunguza mafuta yenyewe. Gari la kabureta likipanda kutoka Dar hadi Dodoma linakuwa na mafuta mengi mno, si machache. Kuna marekebisho madogo tu, ya asilimia 2 hadi 4 kwa mwendo wa kawaida: presha ya nje ikiwa ndogo, moshi unatoka kwenye silinda kwa urahisi zaidi, mabaki yanapungua, na kwa presha ileile ya manifodi silinda inapata hewa safi zaidi kidogo. Asilimia 10 kwenye ramani nzima haina sababu yoyote inayotokana na Dodoma.

Rekodi ya kwanza

Sensa pana ya oksijeni, Bosch LSU 4.9, ilifungwa kwenye bomba la eksozi baada ya turbo, kwenye umbali wa sentimita 70 hivi, ikiwa imeinama kutoka juu ili maji ya mvuke yasituame ndani yake. Kabla ya turbo haifai: presha na joto la pale vinavuruga usomaji na kuiua sensa mapema. Gasketi za eksozi zilikaguliwa kwanza, kwa sababu tundu lolote kabla ya sensa linavuta hewa ya nje wakati wa silensa (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) na sensa inaripoti mchanganyiko mwepesi ambao haupo. Jambo lingine la kukumbuka: sensa hii isiachwe kwenye eksozi ya gari linalotembea huku haina umeme. Kipashio chake kisipofanya kazi, masizi yanaiziba.

Majaribio yalifanywa kwa gia ya pili, eneo lililofungwa, kutoka mizunguko 3,000 hadi 6,000. Gia ya pili inatosha: kwa gari hili inaishia kilomita 90 na kidogo kwa saa, na mbio zote hazifiki mita mia. Watu hushawishika kwenda kwenye ule unyoofu wa barabara ya Singida, pande za Bahi, na kukanyaga gia ya tatu na ya nne. Barabara ile ina malori, pikipiki na ng'ombe. Hakuna tarakimu ya ramani inayostahili hilo.

Kwa presha ya turbo 0.95, uwiano wa hewa kwa mafuta (namba ikiwa kubwa, mafuta ni machache) ulisoma hivi: kwenye mizunguko 3,500 ni 10.7; kwenye 4,500 ni 11.4; kwenye 5,000 ni 12.0; kwenye 6,000 ni 13.2. Muda wa nozeli kuwa wazi kwenye 6,000 ulikuwa asilimia 85.

Mstari huo una mambo mawili. Chini kuna mafuta mengi kupita kiasi, ndiyo ile asilimia 10 iliyoongezwa. Juu yanapungua taratibu kadiri injini inavyoomba zaidi. Kama kosa lingekuwa la ramani, upungufu ungekaa kwenye seli fulani na kwenye seli jirani usingekuwepo. Unaposhuka kwa mteremko laini kufuata mizunguko, shuku kitu kinachoishiwa: pampu, chujio, umeme.

Kuna shaka moja iliyopaswa kuondolewa kwanza. Silinda inayomisi hutoa oksijeni ambayo haikuungua, na sensa huisoma kama mchanganyiko mwepesi. Plagi zenye mwanya wa mm 1.1 kwenye turbo ya bar 0.95 mara nyingi cheche inazimwa na presha. Namna ya kutofautisha ni kuangalia umbo la rekodi: kumisi kwa cheche kunaruka juu na chini kwa ghafla, wakati hapa mstari ulikuwa laini. Hata hivyo plagi ziliwekwa NGK BKR7E mpya, mwanya 0.8, ili jambo hilo lisibaki linasumbua akili. Mchanganyiko haukubadilika.

Presha ya mafuta

Hapa ndipo kazi ilipopaswa kuanzia tangu siku ya kwanza.

Nozeli za injini hii zinategemea tofauti ya presha kati ya reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) na manifodi ibaki bar 3.0 muda wote. Regulata ina mpira mdogo unaotoka kwenye manifodi. Turbo ikisukuma bar 0.95, regulata nayo inatakiwa kupandisha presha ya reli hadi 3.95. Ikishindwa, nozeli inafunguka muda uleule lakini inatoa mafuta kidogo. Kiasi kinachotoka kinafuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo: ikishuka kutoka 3.0 hadi 1.5, mafuta yanapungua si kwa nusu bali kwa asilimia 29 hivi.

Sensa ya umeme ya presha, ya bar 0 hadi 10, ilifungwa kwenye mlango wa reli na waya wake kuingizwa kwenye nafasi ya ziada ya kontroboksi, ili presha iandikwe kwenye rekodi moja na mizunguko. Wapo wanaovuta mpira wa petroli hadi saa iliyowekwa ndani ya gari mbele ya dereva. Mpira ukichomoka, petroli yenye bar 4 inamwagikia mapajani. Isifanywe.

Kwenye 3,500 reli ilisoma 3.9, sawa. Kwenye 5,000 ilisoma 3.1. Kwenye 6,000 ilisoma 2.5, mahali palipotakiwa 3.95. Tofauti iliyobaki kwa nozeli ilikuwa bar 1.55 tu badala ya 3.0.

Kuna njia ya kuuona ugonjwa huu gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Chomoa mpira wa kurudisha mafuta, uelekeze kwenye dumu lenye alama za lita. Chomoa mpira wa regulata unaotoka kwenye manifodi, unganisha hapo pampu ya baiskeli yenye saa, sukuma hadi bar 0.95 na uishikilie. Betri iwe kwenye chaja. Washa pampu ya mafuta peke yake kwa sekunde 30, pima kilichotoka, zidisha mara mbili. Hayo ndiyo mafuta ambayo pampu inaweza kuipa injini chini ya presha ile. Fanya nje, mbali na mashine ya kuchomelea na sigara, kizima moto kiwe mkononi mwa mtu na si ukutani.

Gari hili lilitoa lita 0.9 kwa dakika. Linahitaji ngapi? Injini ya cc 2,492 kwenye mizunguko 6,000 inavuta lita 124.6 kwa sekunde. Kwa kPa 184 na hewa ya joto la nyuzi 50, na silinda zikijaa kwa asilimia 92, hiyo ni gramu 227 za hewa kwa sekunde. Kwa uwiano wa 11.6 zinahitajika gramu 19.6 za petroli kwa sekunde, yaani karibu lita 1.6 kwa dakika. Ongeza akiba ya asilimia 30, unahitaji kuona zaidi ya lita 2 kwenye dumu. Pampu haikufika hata kwenye nusu ya hapo.

Pampu yenyewe ilikuwa ile ya 1G-FE iliyokuja na tanki. Aliyebadilisha injini alibadilisha kila kitu kinachoonekana ukifungua boneti, akaacha kilichofichwa chini ya kiti cha nyuma.

Ramani iliyoficha ugonjwa

Swali la haki: kama pampu ni ileile, mbona Dar gari lilikuwa linakwenda? Jibu liko kwenye faili la ramani. Kabla ya ile asilimia 10, seli za presha ya juu zilikuwa na tarakimu hizi za ujazo wa silinda (asilimia ambayo silinda inajaa hewa): kwenye 4,500 ni 96; kwenye 5,000 ni 99; kwenye 5,500 ni 101; kwenye 6,000 ni 103.

1JZ-GTE VVT-i yenye kamshafti za asili na turbo ya asili haijai namna hiyo. Kilele chake cha mvuto kiko chini kabisa. Kadiri mizunguko inavyopanda turbo ndogo inaziba moshi, na ujazo unatakiwa kutulia kisha kushuka. Tarakimu zinazozidi kupanda hadi 6,000 ni alama kwamba aliyepanga aliona mchanganyiko unakuwa mwepesi, akaongeza namba mpaka sensa ikasoma 11.7, akafunga kompyuta. Hesabu inakubali: ujazo halisi ukiwa 92, na namba ikahitajika kuwa 103, basi presha kwenye nozeli tayari ilikuwa imeshuka hadi bar 2.4 siku ile. Gari lilitoka Dar likiwa na ugonjwa uliofunikwa kwa muda wa nozeli. Safari, vumbi na muda vilimaliza akiba iliyobaki.

Ndiyo maana faili la ramani lisomwe kabla halijaguswa. Mwinuko usio na sababu ya kimashine kwenye jedwali ni dalili ya ugonjwa sawa na moshi kwenye bomba.

Waya na tanki

Maltimita ilisoma volti 14.0 kwenye betri na 11.4 kwenye soketi ya pampu, injini ikiwa imewaka. Ili kujua volti 2.6 zimepotelea wapi, ncha moja ya mita iliwekwa kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya pampu: 1.8. Kisha hasi ya betri na hasi ya pampu: 0.8. Upotevu wote kwa jumla usizidi 0.5. Waya wa asili ulikuwa mwembamba, umeungwa sehemu mbili kwa kusokotwa na selotepu, na athi ilikuwa imefungwa kwenye bodi juu ya rangi. Pampu ya umeme ikipungukiwa volti haipungui kidogo. Kwenye presha kubwa ndipo inapoanguka kabisa.

Ndani ya tanki, chujio la pampu lilikuwa limevaa koti la tope laini la kahawia na nyuzi za kitambaa. Gari lilikuwa linajazwa petroli ya madumu katika safari za vijijini, ikichujwa kwa tambara. Sheli zikiwa mbali hakuna anayelaumiwa kwa hilo, lakini chujio la ndani halina namna ya kukuambia limeziba mpaka injini iombe mafuta mengi.

Matengenezo yalikuwa haya: pampu ya lita 255 kwa saa pamoja na chujio jipya, waya wa mm² 4 kutoka betri moja kwa moja hadi nyuma, fyuzi ya ampea 20 ikiwa karibu na betri, rilei ikiwashwa na ule waya wa zamani, athi mpya ya unene uleule kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Pampu ya ukubwa huu inakula ampea 10 hadi 12 ikiwa na mzigo. Baada ya hapo soketi ilisoma 13.6. Chujio la nje la mafuta nalo lilibadilishwa, bila kulikagua sana. Ni la bei ndogo.

Kipande kifupi cha mpira kati ya pampu na mfuniko wa tanki ndicho kinachoharibu kazi nyingi. Mpira wa kawaida wa petroli umetengenezwa kwa petroli inayopita ndani, nje ukiwa na hewa. Ukizamishwa, unavimba, unalainika, na baada ya wiki kadhaa unapasuka ndani ya tanki. Hapo pampu mpya inazungusha petroli humohumo na presha inapotea, fundi anaanza tena kulaumu nozeli. Upo mpira maalumu wa kuzamishwa, wenye alama 30R10 juu yake. Kama haupatikani Dodoma, agiza, gari lisubiri.

Baada ya kufunga, mpira wa regulata ulichomolewa injini ikiwa silensa: reli ilisoma 3.1. Pampu kubwa ikikutana na njia nyembamba ya kurudisha mafuta, presha ya silensa hupanda, na ikifika 3.4 au zaidi bomba la kurudisha lipanuliwe kwanza. 3.1 inakubalika. Kipimo cha dumu kilitoa lita 3.4 kwa dakika.

Kupanga upya

Faili la Dar lilirudishwa, bila ile asilimia 10. Kidhibiti cha presha kilitolewa ili turbo ibaki kwenye springi yake tu, takriban bar 0.7. Jaribio la kwanza kwenye 6,000 lilisoma 10.4, moshi mweusi nyuma. Hilo lilitegemewa, na ndilo lililothibitisha habari ya ramani: presha imerudi, na ile nyongeza iliyokuwa inafunika upungufu sasa ni mzigo.

Seli hurekebishwa kwa kuzidisha namba iliyopo kwa uwiano uliosomwa, kisha kugawa kwa uwiano unaotakiwa. Seli ya 6,000: 103 mara 10.4 gawanya kwa 11.6, ni 92. Seli ya 5,000 ilishuka kutoka 99 hadi 95, ya 4,500 kutoka 96 hadi 95. Seli za jirani ambazo jaribio halikuzigusa zisiachwe na namba za zamani. Zilainishwe kwa mkono zifuate mstari, maana siku ya baridi au siku ya kushuka pwani injini itapita hukohuko. Unapopunguza mafuta, usishuke zaidi ya asilimia 3 kwa mara moja ukiwa umekaribia lengo. Kupunguza kupita kiasi kwenye turbo hakusamehewi.

Kwa nini 11.6 na si 12.5? Injini isiyo na turbo hutoa nguvu nyingi kati ya 12.5 na 13.0. Ikiwa na turbo, mafuta ya ziada yanatumika kupoza: yanachukua joto yakigeuka mvuke, yanashusha joto la moshi na kuzuia petroli kulipuka yenyewe pembeni ya silinda, ile sauti ya kokoto kwenye kopo. 1JZ-GTE ilitengenezwa kunywa petroli ya daraja la juu ya Japani. Kusogea hadi 12.0 kungeongeza nguvu kidogo na kupandisha joto la gurudumu la kauri kwa kiasi kisichopendeza. Upande wa pili nako hakuna faida: kwenye 10.5 mwako unakuwa mvivu, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika. Nguvu inatoka kwenye hewa na muda wa cheche. Petroli inalinganishwa na hewa iliyopo, basi.

Muda wa cheche uliachwa digrii 13 mahali pa mvuto mkubwa na 18 kwenye 6,000, na kila hewa ya kuingia inapofika nyuzi 60 zinaondolewa digrii 3. Oktoba na Novemba Dodoma, gari likiwa limesimama kwenye foleni kisha likakanyagwa, nyuzi 60 zinafikika. Namba hizi ni za gari hili na petroli hii. Asizinakili mtu bila kusikiliza injini yake kwa vifaa vya masikioni.

Mwendo wa kawaida ulichukua muda mfupi. Masahihisho ya sensa ya oksijeni yalionyesha kuongeza asilimia 3 karibu kila mahali, ile tofauti ya moshi kutoka kwa urahisi. Hayakuingizwa kwenye ramani kuu. Yaliwekwa kwenye jedwali la presha ya nje: kwenye kPa 101 ni sifuri; kwenye kPa 89, ongeza asilimia 3. Gari likishuka Morogoro na Dar, nyongeza inaondoka yenyewe. Silensa iliyokuwa imeshuka hadi 650 ilirudishwa 800 kwa kufungua valvu ya silensa zaidi kidogo.

Presha ya turbo ibaki ngapi

Mwenye gari alitaka 0.95 irudi. Kidhibiti cha mkono kina tabia mbaya: kinashikilia tofauti na presha ya nje. Gari lililopangwa 0.95 Dodoma likishuka Dar bila kuguswa litakuwa na kPa 196 ndani ya manifodi, hewa zaidi kuliko injini hiyo iliyowahi kupata, na nje ya safu za ramani yake zilizoishia 190. Kontroboksi ikifika mwisho wa jedwali inatumia seli ya mwisho. Mafuta hayaongezeki, hewa inaongezeka. Kilomita 450 za mteremko kuelekea pwani zingetosha kugeuza gari zima kuwa la kufungua injini.

Kidhibiti cha mkono hakikurudishwa, ikafungwa valvu ya umeme inayoendeshwa na kontroboksi, lengo likawekwa kwa presha halisi: kPa 175, na mafuta yakatwe ikifika 190. Dodoma saa itaonyesha 0.86, Dar itaonyesha 0.74, na injini itapata hewa ileile. Turbo Dodoma inazidisha mara 1.97, ambayo kwa gurudumu la kauri tayari ni nyingi. Anayetaka zaidi ya hapo kwenye urefu huu abadilishe turbo kwanza, abishane na ramani baadaye.

Rekodi ya mwisho, kPa 175: uwiano 11.6 hadi 11.7 kutoka 3,500 mpaka 6,000. Presha ya reli 3.9 kwenye 6,000. Nozeli wazi kwa asilimia 66. Ilikuwa 85 wakati mchanganyiko ulipokuwa mwepesi, imeshuka wakati mafuta yamefika. Kutoka mizunguko 3,000 hadi 6,000 kwa gia ya pili, sekunde 4.2 zimekuwa 3.5, na hiyo ni kwa presha ndogo ya turbo kuliko ile liliyokuja nayo.

Sensa ya presha ya mafuta imeachwa kwenye reli, na kontroboksi imeelekezwa kukata presha ya turbo hadi ile ya springi endapo tofauti ya nozeli itashuka chini ya bar 2.6. Chujio la ndani ya tanki litafunguliwa tena baada ya kilomita 10,000, mapema zaidi kama madumu yataendelea. Safari ya kwanza ya Dar irekodiwe: swichi ikifunguliwa Morogoro isome kama 95 na Dar 101, na mchanganyiko wa kukanyaga hadi mwisho usitoke kati ya 11.4 na 11.8. Ukitoka, seli zilizolainishwa kwa mkono ndizo za kutazamwa kwanza.